Alama Tatu za Pluto: Uchambuzi wa Rufaa ya Chemsha Bongo Mwanza

Swali la mwisho la fainali lilisomwa hivi: "Je, Pluto ni sayari? Toa sababu." Jibu lilikuwa na alama mbili, sababu alama tatu. Timu mbili za shule za msingi, moja ya upande wa Igoma na nyingine ya Kirumba, zilikuwa zimefungana, kwa hiyo kombe zima lilikuwa linategemea swali hilo. Kila timu iliandika jibu lake bila kusikia la wenzake, kisha msemaji akalisoma mbele ya ukumbi.

Igoma: "Hapana. Pluto siyo sayari kwa sababu ni ndogo mno."

Kirumba walimsimamisha binti wa Darasa la Sita: "Ndiyo. Pluto inazunguka Jua, ina umbo la tufe, ina miezi mitano, ina milima ya barafu na ina hewa nyembamba. Waliosema siyo sayari walipiga kura tu, na waliopiga kura walikuwa wachache."

Mwongozo wa majibu uliokuwa mezani kwa majaji ulikuwa mstari mmoja: "Hapana, ni ndogo sana." Igoma wakapewa 5, Kirumba 0. Ukumbi ukachafuka. Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, mzazi wa mtoto wa Kirumba, alinyanyuka akasema maneno ambayo baadaye yaliingizwa yote kwenye barua ya rufaa: "Walimu wetu, shikamooni. Mmoja kajieleza, mwingine katamka tu. Hiyo sifuri imetoka wapi?"

Rufaa iliandikwa na mwalimu wa Kirumba, ikasikilizwa na walimu watatu, nami nikiwemo. Mengi tuliafikiana, alama moja ikatugawa. Barua ya uamuzi ilikuwa ya ukurasa mmoja, haikuweza kubeba hoja zote, na walimu kadhaa wameniomba hoja hizo. Ndizo hizi.

Azimio lenyewe linasemaje

Mwenyekiti wetu alifanya jambo la maana kabla ya kusikiliza upande wowote: alitaka lisomwe azimio lenyewe badala ya mabango ya manila ya madarasani. Azimio lilipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mjini Prague tarehe 24 Agosti 2006. Linasema kwamba katika mfumo wetu wa Jua, sayari ni gimba la angani linalotimiza mambo matatu. Linazunguka Jua. Lina masi, yaani wingi wa mata iliyomo ndani yake, ya kutosha kiasi kwamba mvutano wake lenyewe umelifinyanga likawa tufe au karibu na tufe. Na limesafisha ujirani wa njia yake, yaani ndilo linalotawala eneo linamopita. Gimba lenye mawili ya kwanza bila la tatu, na ambalo si mwezi wa gimba jingine, linaitwa sayari kibete. Pluto inafaulu la kwanza na la pili, inaanguka la tatu.

Humo ndani hakuna kipimo chochote cha ukubwa. Hakuna kilomita hata moja iliyotajwa. Hilo peke yake lilitosha kutuonyesha kwamba mwongozo wa majibu ulikuwa na kasoro, na kwamba Igoma walipewa alama tatu kwa sababu maneno yao yalifanana na ya mwongozo, ambao nao ulikosea.

Ndogo kuliko nini?

Nilimuuliza msemaji wa Igoma swali hilo. Akafikiri kidogo, akajibu, "Kuliko Mwezi, mwalimu." Ni kweli. Kipenyo cha Pluto ni kilomita 2,377 hivi, cha Mwezi wetu ni 3,474. Kwa kweli iko miezi saba katika mfumo wa Jua inayoizidi Pluto kwa ukubwa. Lakini sasa chukua Zebaki, ambayo hakuna mtu Igoma wala Kirumba anayeikatalia usayari. Kipenyo chake ni kilomita 4,879. Ganimedi, mwezi wa Mshtarii, una 5,268. Titani, mwezi wa Zohali, una 5,150. Kama kuzidiwa na mwezi fulani kungemvua mtu usayari, Zebaki ingetoka siku hiyohiyo. Na kama ukubwa ungempa mtu usayari, Ganimedi ingekuwa ya kwanza kwenye foleni. Haimo, kwa sababu inazunguka Mshtarii, hailizunguki Jua kwa njia yake yenyewe.

Natambua kishawishi cha jibu hilo kinatoka wapi. Historia ya Pluto ni historia ya kitu kilichopungua kila kilipopimwa upya. Clyde Tombaugh alipoigundua mwaka 1930, kwenye kituo cha Lowell huko Arizona, ilidhaniwa kuwa na masi inayokaribiana na ya Dunia. Mwaka 1978 James Christy aligundua mwezi wake mkubwa, Charon, na kwa kuangalia jinsi viwili hivyo vinavyozungukana ikawezekana kuipima Pluto kwa uhakika. Ikaonekana kwamba masi yake ni kama sehemu mbili tu kwa elfu ya masi ya Dunia. Mtu angetegemea basi kwamba ilivuliwa cheo mwaka huohuo. Haikuvuliwa. Iliendelea kuitwa sayari kwa miaka 28 zaidi, huku kila mtaalamu akijua kabisa ni ndogo kiasi gani.

Kilichoiponza ni majirani. Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu waligundua gimba jingine huko nyuma ya Neptuni, na tangu hapo yakafuata mengine mengi, mamia kwa mamia, katika eneo linaloitwa Ukanda wa Kuiper. Pluto, iliyodhaniwa kuwa peke yake mpakani, ikaonekana ni mmoja wa wakazi wa kijiji kizima. Kisha mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wawili wakatangaza Eris, ambayo kwa vipimo vya leo kipenyo chake ni kilomita 2,326, pungufu kidogo ya Pluto, lakini masi yake inaizidi ya Pluto kwa asilimia 27. Hapo uchaguzi ukawa mgumu. Ukiiita Pluto sayari, Eris utaiitaje? Na ukiipokea Eris, utawafungia mlango Makemake na Haumea, magimba mengine ya ukanda uleule, kwa hoja gani?

Mwalimu wa Igoma alitetea timu yake vizuri kuliko nilivyotarajia. "Waheshimiwa," alisema, "tuko Mwanza hapa. Ukerewe ni kisiwa, Saanane ni kisiwa. Lile Jiwe la Bismarck limezungukwa na maji pande zote, lakini hakuna anayeliita kisiwa. Kwa nini? Ni dogo. Watoto wangu wamesema hivyohivyo." Tulicheka wote, na mfano niliupenda. Ila unamsaidia mpinzani wake. Hakuna mtu aliyewahi kuweka kipimo cha wapi jiwe linaishia na kisiwa kinaanzia. Tunajua kwa mazoea. Zaidi ya hapo, Ukerewe imezungukwa na Ukara na visiwa vingine vidogo chungu nzima, na haijapoteza jina lake kwa sababu ya kuwa na majirani. Azimio la Prague linauliza jambo ambalo sisi wa ziwani hatujawahi kukiuliza kisiwa chochote: je, hapo ulipo, wewe ndiye mwenye eneo?

Kuhusu kusafisha njia

Hiki ndicho kigezo ambacho hakuna timu iliyokitaja, na ndicho chenye jibu zima.

Kinaeleweka vibaya kirahisi. Wapinzani wake, mwanasayansi wa sayari Alan Stern akiwa mstari wa mbele, wanasema hata Mshtarii haijasafisha njia yake, maana kuna maelfu ya asteroidi, yaani magimba madogo ya miamba, zinazosafiri nayo, kundi moja mbele na jingine nyuma. Dunia nayo ina asteroidi zinazokatiza njia yake. Wakasema basi kigezo hiki kikisomwa neno kwa neno, hakuna sayari itakayobaki. Na ni kweli kwamba azimio liliandikwa kwa ufupi mno, halikueleza "kusafisha" kunapimwaje.

Lakini kipimo kipo. Steven Soter, mwaka huohuo wa 2006, alilinganisha masi ya kila gimba na masi ya jumla ya vitu vingine vyote vinavyotumia ukanda uleule. Kwa Dunia alipata kwamba inazidi mabaki yote ya njia yake kwa takriban mara milioni 1.7. Kwa Pluto alipata kama 0.07 tu: majirani wakiwekwa pamoja wanaizidi mbali. Baina ya namba hizo mbili pana shimo kubwa, na hakuna gimba lolote kati ya yale tunayobishania lililokaa katikati ya shimo hilo kutusumbua. Zile asteroidi za Mshtarii hazisafiri kwa hiari yake mwenyewe kila moja. Zimeshikwa na mvutano wa Mshtarii. Pluto yenyewe imeshikwa vivyo hivyo na Neptuni: Neptuni ikizunguka mara tatu, Pluto inazunguka mara mbili, ndiyo maana ingawa njia ya Pluto huingia ndani kuliko ya Neptuni, kama ilivyokuwa kati ya 1979 na 1999, haziwezi kugongana.

Kuna jambo hapa linanichekesha. Stern huyohuyo, pamoja na Harold Levison, mwaka 2000 walikuwa wamependekeza njia ya kihesabu ya kutenganisha sayari zinazotawala eneo lao na zile zisizotawala, na hesabu yao ilitoa nane upande mmoja na Pluto upande wa pili. Tofauti ni kwamba wao walitaka makundi yote mawili yaendelee kuitwa sayari. Kumbe hata wanaogombana wanaona mstari uleule pale chini. Wanagombania jina la kuandika kila upande wa mstari.

Jibu la Kirumba

Tuliyapima madai ya binti yule moja baada ya jingine. Inazunguka Jua: ndiyo, kwa miaka 248, na tangu igunduliwe haijamaliza hata mzunguko mmoja. Ni tufe: ndiyo. Miezi mitano: ndiyo, Charon, Styx, Nix, Kerberos na Hydra. Milima ya barafu na hewa: ndiyo, chombo cha New Horizons kilipita karibu nayo tarehe 14 Julai 2015 kikapiga picha za milima ya barafu ya maji inayofikia mita 3,500, na tambarare ya barafu ya naitrojeni. Mtoto wa Darasa la Sita aliyeyajua yote hayo anastahili heshima, na nilimwambia hivyo mbele ya mama yake.

Ila swali lilitaka sababu za kuwa sayari, na sifa si sababu zote. Zebaki na Zuhura hazina mwezi hata mmoja na ni sayari. Asteroidi Ida, iliyo jiwe lenye umbo la muhogo uliopinda, ina mwezi wake. Titani ina hewa nzito kuliko yetu na bado ni mwezi. Kwa hiyo katika yale matano, mawili ya kwanza ndiyo vigezo, matatu yaliyobaki ni mapambo ya kweli lakini hayathibitishi kitu.

Lililowaudhi majaji ni lile la kura. Mmoja alisema linawafundisha watoto ubishi. Mimi naona lilikuwa na ukweli mwingi. Mkutano wa Prague ulihudhuriwa na watu wapatao 2,500, na siku ya mwisho, azimio lilipopigiwa kura, waliokuwa ukumbini ni zaidi kidogo ya 400, wakati Umoja wenyewe ulikuwa na wanachama karibu 10,000. Hilo lililalamikiwa na wanasayansi wenyewe.

Lakini hadithi ya "wachache walituamulia" ikifuatwa hadi mwisho inageuka. Pendekezo la kwanza, lililotolewa na kamati tarehe 16 Agosti, lilitaka tu gimba liwe tufe, lizunguke nyota na lisiwe mwezi wa sayari, na lingetupa sayari 12: zile tisa, pamoja na Ceres, Charon na ile ambayo baadaye iliitwa Eris. Waliolikataa ni wajumbe ukumbini, ndani ya wiki moja tu ya mabishano. Kungekuwa hakuna kura, leo binti wa Kirumba angekuwa anakariri kumi na mbili. Na mikutano mikuu iliyofuata miaka ya baadaye, yenye wajumbe wengine kabisa, haikulitengua azimio hilo.

Tena Pluto siyo ya kwanza. Giuseppe Piazzi aligundua Ceres usiku wa mwaka mpya, 1 Januari 1801, ikaitwa sayari. Zikafuata Pallas 1802, Juno 1804 na Vesta 1807, nazo zikaitwa sayari. Mwanafunzi wa Ulaya aliyeulizwa mwaka 1830 sayari ziko ngapi alipaswa kujibu 11. Kuanzia 1845 zikaanza kugunduliwa nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka orodha ikashindikana kubebwa, na katika miaka ya 1850 zote zikahamishiwa kwenye kundi la asteroidi. Hakuna kura iliyopigwa. Wataalamu walizipanga upya kimyakimya kwa sababu ileile iliyokuja kuikuta Pluto: ziligundulika kuwa ni wakazi wa ukanda. Nilimwambia mwalimu wa Kirumba kwamba mfano huu ungemfaa kwenye rufaa, na ungemuumiza pia. Unaonyesha kwamba orodha hubadilika. Unaonyesha vilevile kwamba inapobadilika huwa kuna sababu, na kwamba sababu hiyo imetumika mara mbili.

Nadhani kuna kitu kingine kinachofanya mjadala huu uwe mgumu kwa watoto wetu. Zuhura wanaiona. Wavuvi wa dagaa wanaorudi Kirumba alfajiri wanaijua bila kufundishwa na mtu. Pluto hakuna aliyeiona kwa macho katika ukumbi ule, wala hataiona bila darubini kubwa. Yote wanayoyajua kuihusu wameyapokea kwa kuambiwa, kwa hiyo kilichobaki kwao ni kuchagua wamwamini nani, mwongozo au kitabu cha zamani cha kaka.

Uamuzi, na pale nilipotofautiana

Kuhusu jibu la "hapana", wote watatu tulikubali kwamba linastahili alama mbili. Swali lilipaswa kusema "kwa mujibu wa azimio la 2006", lakini shuleni neno sayari likitajwa bila nyongeza linamaanisha lile lililokubaliwa na chombo kinachotambulika, na mwanafunzi wa shule ya msingi hawezi kudai asikoseshwe alama kwenye mtihani wa taifa kwa kumfuata Stern. Kirumba hawakupata hizo mbili.

Kuhusu sababu, Kirumba walipewa 2 kati ya 3: vigezo viwili sahihi vya kwanza, na moja wameikosa kwa kukosa kile cha tatu. Hilo nalo lilikuwa la wote, ingawa lilichukua muda. Mwenzetu mmoja alisema huwezi kumpa mtu alama za sababu wakati jibu lake si sahihi. Tulimjibu kwamba mwongozo uliotenga alama za jibu na za sababu ndio ulioruhusu hilo; kama haikutakiwa, wasingezitenga.

Igoma ndipo tulipogawanyika. Wenzangu wawili waliwapa 1. Hoja yao si ya kupuuzwa: gimba linaloweza kusafisha njia yake ni lazima liwe na masi ya kutosha, kwa hiyo "ndogo mno" inagusa kigezo cha tatu kwa mbali. Mimi niliandika sifuri. Masi si kitu kilekile na ukubwa, kama Eris na Pluto zinavyoonyesha. Mtoto hakutaja njia, jirani wala masi. Na mtoto yuleyule akiulizwa kesho kwa nini Ganimedi siyo sayari, sababu yake itampeleka kwenye jibu la uongo. Sababu inayofanya kazi kwenye swali moja na kuharibika kwenye la pili sioni inapataje alama.

Kwa hesabu ya wengi, Igoma 3, Kirumba 2. Kombe lilibaki Igoma. Kwa hesabu yangu zingekuwa 2 kwa 2 na swali jingine lingeulizwa. Wengi ndio walioshinda, na kombe sijaliombea lirudishwe. Nimeomba tu mwongozo ule ufutwe, na umefutwa. Swali la msimu ujao limeandikwa upya: mwanafunzi ataje vigezo vitatu, kisha avitumie kwa Pluto, Ceres na Ganimedi. Atakayeandika "ndogo" kwa Ganimedi atajikamata mwenyewe.

Baada ya barua kusomwa, binti wa Kirumba aliinua mkono. Mwaka 2019 Umoja huohuo wa Astronomia uliialika kila nchi kuipa jina nyota moja na sayari yake. Tanzania ilipewa nyota WASP-71 ikaiita Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. "Mwalimu," aliuliza, "azimio linasema sayari inazunguka Jua. Tanzanite inazunguka Mpingo. Je, ni sayari?"

Mwenyekiti alisema halikuwa kwenye rufaa, na kwa utaratibu alikuwa sahihi. Nilimjibu nje, mama yake akiwa anasikiliza. Azimio la Prague linahusu mfumo wetu wa Jua tu. Kuhusu magimba ya nyota nyingine, ambayo sasa yaliyothibitishwa ni zaidi ya 5,000, limenyamaza, na Umoja una mwongozo mwingine wa muda kwa ajili yake. Kwa mwongozo huo Tanzanite ni sayari. Ina masi kubwa kuliko Mshtarii na inaizunguka nyota yake kwa siku zisizofika tatu.

"Na imesafisha njia yake?" akauliza.

Nikamwambia kwa uzito ule na karibu vile na nyota, hakuna mtaalamu anayeona shaka, lakini hapo hatukuhukumu kwa kuangalia, tumehukumu kwa hesabu. Akaomba nimwonyeshe hesabu hiyo. Jumamosi ijayo anakuja na wenzake wawili, mmoja wa Igoma.